Maheshwar: Mji Mdogo Ukingoni mwa Mto Narmada

Hotuba iliyosomwa katika jioni ya maadhimisho ya hekalu letu



Katika maadhimisho ya namna hii ni desturi kusema juu ya miji mikubwa ya ibada, kama Varanasi, Ayodhya na Dwarka. Majina hayo yanajulikana hata na jirani ambaye hajapata kuingia hekaluni. Jioni ya leo tumeuchagua mji mdogo, ambao ramani nyingi huuacha kabisa. Ni Maheshwar, uliopo katika wilaya ya Khargone, jimbo la Madhya Pradesh, katikati ya Bara Hindi. Tumeuchagua kwa kuwa una jambo la kutufundisha kuhusu namna hekalu linavyodumu, na jambo hilo halionekani mpaka mtu ajue kwanza mji umekaa wapi na wanaoukalia ni akina nani.

Tuanze na mahali. Msafiri atokaye Indore kuelekea kusini huenda karibu kilomita 90. Indore iko juu ya uwanda wa Malwa, zaidi ya mita 500 kutoka usawa wa bahari. Njia ikishafika kwenye ukingo wa milima ya Vindhya, huteremka ghafla, na joto huongezeka kadiri mtu anavyoshuka, mpaka afike bondeni kwenye nchi iitwayo Nimar. Kaskazini yake ni Vindhya, kusini yake ni milima ya Satpura, na katikati yake unapita mto Narmada. Maheshwar umejengwa katika ukingo wa kaskazini wa mto huo.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna neno linalotusaidia kulielewa bonde hili, maana Narmada nao hupita katika bonde la ufa. Ardhi ilipasuka na kudidimia baina ya safu mbili za milima, na maji yakafuata ufa huo. Ndiyo sababu mto huu ni wa pekee miongoni mwa mito mikubwa ya nchi ile. Ganga, Godavari, Krishna na Kaveri humwaga maji yao mashariki, katika Ghuba ya Bengal. Narmada huanzia Amarkantak, mahali palipo zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, kisha huenda magharibi kilomita 1,312 hata Ghuba ya Khambhat, karibu na mji wa Bharuch katika Gujarat. Wengi wetu babu zetu walitoka Gujarat, na walikunywa maji ya mto huu bila kuujua mji tunaousema leo.

Miamba ya huko ni ya volkano ya kale, myeusi na migumu. Miamba hiyo ikimomonyoka hutoa udongo mweusi ushikao maji muda mrefu, unaopendwa na pamba, na Nimar ni nchi ya pamba tangu zamani. Mvua huja na pepo za msimu, kuanzia Juni hadi Septemba. Miezi hiyo mto hujaa, hugeuka rangi ya udongo na kuzifunika ngazi za chini. Kiangazi joto hupita nyuzi 40, na mto hupungua hata mawe yake yakaonekana. Mbele kidogo ya mji, kwa upande maji yaendako, mto hukutana na mwamba mpana na kugawanyika kuwa vijito vingi. Wenyeji hupaita mahali hapo Sahasradhara, maana yake mikondo elfu. Masimulizi husema kwamba mfalme Sahasrarjuna, mwenye mikono elfu, alitaka kuuzuia mto kwa mikono yake, nao ukampita katikati ya vidole. Tutalikumbuka simulizi hilo baadaye kidogo.

Watu wameishi hapa muda mrefu sana. Katika miaka ya 1950 wataalamu wa mambo ya kale wakiongozwa na H. D. Sankalia wa Chuo cha Deccan, Pune, walichimba Maheshwar, na pia Navdatoli, kijiji kilicho ng'ambo ya pili ya mto. Walikuta sakafu za nyumba za miti na udongo, nyingine za duara na nyingine za pembe nne, vyungu vilivyochorwa kwa rangi, na nafaka zilizoungua zikasalia. Nyumba hizo zina zaidi ya miaka 3,000. Wapo wanazuoni wanaoamini kuwa mji wa Mahishmati, utajwao katika vitabu vyetu vya kale, ulikuwa hapa. Wengine huuweka kwingine. Sisi hatuna haja ya kuamua shauri hilo. Yatosha kujua kwamba watu walipika, walilima na kuvuka mto huu kabla ya hekalu lolote linalosimama leo.

Majirani zetu wasidhani kwamba jambo hili liko mbali na pwani yetu. Katika karne ya 1 mfanyabiashara mmoja aliandika kwa Kiyunani kitabu cha safari za Bahari ya Hindi. Kitabu hicho hicho kinaitaja Rhapta, soko la pwani ya Afrika Mashariki, na Barygaza, bandari iliyokuwa penye mdomo wa Narmada, ambayo sasa ndiyo Bharuch. Husimulia kwamba vyombo vilitoka huko vikiwa na nafaka, samli, mafuta ya ufuta na nguo za pamba, vikaelekea masoko ya Pembe ya Afrika. Basi udugu wetu ulitangulia meli za mvuke, na ulitangulia reli.

Sasa tuje kwa mtu aliyeupa Maheshwar sura yake. Ahilyabai Holkar alizaliwa tarehe 31 Mei 1725 katika kijiji cha Chaundi, Maharashtra. Aliolewa katika ukoo wa Holkar, watawala wa Malwa. Mwaka 1754 mumewe, Khanderao, aliuawa vitani. Mwaka 1766 mkwewe, Malhar Rao, alifariki, na mwaka uliofuata akafariki mwanawe wa kiume wa pekee. Mjane huyo akashika utawala mwenyewe, akafanya Maheshwar kuwa makao yake, na akatawala mpaka kifo chake tarehe 13 Agosti 1795.

Wengi hapa wanajua kwamba ndiye aliyelijenga upya hekalu la Kashi Vishwanath huko Varanasi, akajenga Somnath, na akajenga visima, nyumba za mahujaji na ngazi za mtoni mahali pengi katika Bara Hindi. Makao yake mwenyewe hayakuwa ya fahari. Ndani ya ngome ya Maheshwar nyumba yake ingali ipo, yenye nguzo za mbao na ukumbi wa kukaa chini, na mgeni azoeaye majumba ya wafalme huuliza jumba lenyewe liko wapi. Fahari aliiweka chini, penye maji: ngazi pana za mawe zishukazo kutoka ngomeni hadi mtoni, ambako mtu yeyote huweza kuoga, kufua, kuomba, au kukaa tu akitazama machweo.

Lakini kuna jambo la pili alilofanya, ambalo husemwa kwa nadra katika hotuba za hekaluni. Aliwaita wafumaji. Masimulizi ya mji husema kwamba aliwaleta kutoka Surat na kwingineko, akawapa mahali pa kukaa, na akawa mnunuzi wao wa kwanza, kwani wageni wa makao yake walipewa zawadi ya vilemba na sari zilizofumwa pale pale. Aliona kwamba mji wa ibada ukikosa kazi hubaki na mapandit na mawe. Kwa hiyo kando ya hekalu aliweka kitanda cha kufumia.

Hapo ndipo tunapofika kwenye hesabu ya watu. Sensa ya mwaka 2001 ilihesabu wakazi 19,646. Sensa ya 2011 ilihesabu 24,411. Kwa miaka kumi, basi, mji uliongezeka kwa watu 4,765, yaani karibu robo ya idadi ya awali. Sensa iliyotazamiwa kufanywa mwaka 2021 iliahirishwa, kwa hiyo takwimu yoyote ya baada ya 2011 ni makadirio tu, na sisi tumeona vema kutoitaja. Kwa kulinganisha, hao watu 24,000 na ushei ni idadi ambayo kata moja ya mji wetu huweza kuwa nayo.

Namba hiyo, hata hivyo, haitwambii watu hao ni akina nani. Wako wakulima wa pamba na ngano ambao huingia mjini asubuhi na kurudi mashambani. Wako wavushaji na wavuvi ambao riziki yao ni mto. Wako mapandit wa mahekalu na wauza maua. Na wako wafumaji, ambao katika mji huu ni Waislamu na Wahindu pia: wengi ni wa jamaa ya Ansari, na pamoja nao wapo wa jamaa za Maru na Salvi. Sari avaayo bibi harusi wa Kihindu siku ya ibada yake huenda imefumwa na mikono ya Mwislamu, katika chumba kisichokuwa mbali na kengele za hekalu. Halichukuliwi kuwa la ajabu. Limekuwa hivyo kwa zaidi ya miaka 200.

Lugha nayo ina somo lake. Mji huu huitwa mji wa Kihindi, na ni kweli, kwa maana shuleni, sokoni na ofisini hutumika Kihindi. Lakini nyumbani, hasa katika vijiji vya jirani, husemwa Kinimadi, lugha ya bonde hilo. Sensa huwahesabu wasemaji wa Kinimadi, ambao ni zaidi ya milioni 2, ndani ya Kihindi, pamoja na lugha nyingine nyingi za namna hiyo. Mwaka 2011 jumla ya hesabu hiyo ilikuwa takriban watu milioni 528. Kwa hiyo mtu asikiapo kwamba watu milioni 528 husema Kihindi, ajue kwamba ndani yake mna mabibi wengi wanaowabembeleza wajukuu kwa lugha isiyopewa nafasi yake. Sisi tulio na lugha ya nyumbani, lugha ya shule na Kiswahili cha kutukutanisha sote, tunalielewa jambo hilo bila kufafanuliwa.

Kuna watu wengine ambao sensa haiwezi kuwashika, nao ni mahujaji. Narmada ndio mto ambao waumini huuzunguka mzima kwa miguu, kutoka chimbuko lake hadi baharini kwa ukingo mmoja na kurudi kwa ukingo wa pili, safari ya takriban kilomita 2,600. Kwa desturi ya kale huchukua miaka mitatu, miezi mitatu na siku kumi na tatu. Hujaji huuweka mto mkono wake wa kuume daima, wala hauvuki njiani. Kwa hiyo yule umwonaye akipita Maheshwar amekwisha kuiona bahari, naye anapanda kuelekea Amarkantak. Hubeba mfuko na fimbo, na chakula hupewa na wenyeji. Hivyo, mji huwalisha watu wengi ambao haumo katika daftari lake.

Na ndani ya mji ibada huendelea kila siku. Katika hekalu la Rajrajeshwar huwaka taa kumi na moja za samli zisizozimwa, na waumini huleta samli ili zisikauke. Katika nyumba ya Ahilyabai bado mapandit hukaa kila asubuhi wakifinyanga vilinga vidogo vya udongo, huviabudu, kisha huvirudisha mtoni. Kinachodumu hapo ni ile kazi ya kila asubuhi. Udongo wenyewe huyeyuka siku ile ile.

Ndugu zetu, mji huu ulikaribia kusahauliwa. Baada ya ukoo wa Holkar kushindwa na Waingereza katika vita vya Mahidpur mnamo Desemba 1817, makao ya utawala yalihamishiwa Indore mwaka 1818. Mnunuzi wa kwanza akaondoka. Baadaye zikaja nguo za viwandani, zilizo rahisi. Wafumaji wakapungua kizazi baada ya kizazi, wengine wakaenda kutafuta vibarua mijini. Mahekalu yalikuwepo, ngazi zilikuwepo, mto ulikuwepo. Watu ndio walioanza kwenda.

Mwishoni mwa miaka ya 1970, Richard Holkar, wa ukoo ule ule, na mkewe Sally, waliunda chama cha Rehwa ili kuwafundisha wanawake kufuma na kuwatafutia soko. Walianza na vitanda vichache. Tangu hapo kazi imefufuka, na leo sauti ya vitanda husikika katika vichochoro vingi vya mji. Sari ya Maheshwar ni nyepesi, ya pamba na hariri, na pindo lake huvalika pande zote mbili. Mama zetu wanaochagua kanga kwa kutazama pindo lake wataelewa fahari hiyo. Nakshi za pindo zimechukuliwa katika kuta za ngome na katika maji: tofali, mkeka, wimbi la Narmada. Uzi mwingi siku hizi hutoka mbali, pamba ya Coimbatore na hariri ya Bengaluru, ingawa mashamba ya pamba yameuzunguka mji. Riziki ya mfumaji sasa hutegemea bei ya masoko asiyoyaona.

Mto nao una masumbuko yake. Tuliahidi kulikumbuka simulizi la mfalme wa mikono elfu. Katika zama zetu, Narmada umewekewa mabwawa makubwa. Juu ya Maheshwar yako Indira Sagar na Omkareshwar. Chini yake, huko Gujarat, liko Sardar Sarovar, lenye kimo cha mita 138.68. Na kilomita chache tu kutoka mjini, karibu na Mandleshwar, lilianza kujengwa bwawa la Maheshwar, lililokusudiwa kutoa megawati 400 za umeme. Ilielezwa kwamba vijiji 61 vingeathiriwa. Januari 1998 maelfu ya wanavijiji, wake kwa waume, waliingia katika eneo la ujenzi wakakaa pale, wakidai waambiwe watahamia wapi na watalima nini. Ukuta ulijengwa, lakini mradi ulikwama kwa miaka mingi, na umeme uliokusudiwa haukupatikana.

Hatusemi kwamba umeme si kitu. Sisi sote tunaujua usiku wa mgao, na mkulima wa Gujarat aliyefikiwa na maji ya mfereji ana haki ya kushukuru. Tunasema tu kwamba hesabu ya megawati ilifanywa mapema, na hesabu ya watu ikaachwa nyuma. Waliodai kuhesabiwa walikuwa wakidai neno la haki.

Sasa, kwa nini tumewachosha kwa habari za mji ulio mbali? Kwa sababu sisi tulio katika miji ya Afrika Mashariki tuna mahekalu yaliyojengwa na babu zetu wakati jamii zetu zilipokuwa kubwa kuliko sasa. Tangu miaka ya 1960 na 1970 wengi wamehama, na vijana wetu wangali wanakwenda masomoni wasirudi. Mahali pengine kengele hupigwa mbele ya waumini wachache sana. Tukikutana katika kamati, tunazungumza juu ya rangi ya ukuta, marumaru na paa. Hayo ni ya lazima. Lakini Maheshwar unatuonyesha kwamba jiwe halikumzuia mfumaji asiondoke, na kwamba waliourejesha uhai mjini walianza na kazi, mafunzo na soko.

Basi tunaleta mapendekezo matatu. La kwanza, hekalu letu lifanye daftari la watu wake: wazee wanaoishi peke yao, vijana wanaotafuta kazi, na familia mpya. Sensa ya taifa ya mwaka 2022 ilitupitia nyumba kwa nyumba. Haitakuwa aibu sisi wenyewe kujuana kiasi hicho. La pili, sehemu ya mchango wa maadhimisho haya itengwe kwa mafunzo ya kazi, nayo yawe wazi kwa vijana wa hekalu na wa majirani kwa pamoja, kwa kuwa mji mmoja hauwezi kuwa na riziki mbili zisizojuana. La tatu, katika daftari hilo tuwaandike pia wale wanaolitunza hekalu bila kuwa wanachama: mlinzi wa usiku, mama auzaye maua langoni, fundi bomba, wapishi wanaokesha nasi siku ya Diwali. Hao nao ni watu wa hekalu hili, kama Ansari wa Maheshwar alivyo mtu wa mji ule.

 Chakula ki tayari uani, na hakuna mgeni wala mwenyeji katika safu zake.